Mtoto wa Mabawa kwenye Karatasi ya Mtihani



Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu Mabawa, jijini Tanga, nyumbani kwa shangazi. Binti yake yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga, na mtihani wa muhula ulikuwa umekaribia. Jioni joto likipungua tulitandika mkeka barazani, yeye na daftari lake, mimi na rundo la karatasi za maswali ya mazoezi. Kazi yangu ilikuwa kusoma swali na majibu yake manne ya kuchagua, kisha kunyamaza. Mada ilikuwa ukuaji na makuzi ya binadamu, tangu kuzaliwa hadi uzee.

Nilidhani ninamfanyia hisani. Baada ya siku mbili nikaona kwamba nusu ya mambo hayo nasi seminarini tumeyasoma kwa jina la saikolojia ya makuzi, tukaandika insha, tukapata alama na kusahau. Sisi tunaambiwa, na Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika hivyo katika Pastores Dabo Vobis mwaka 1992, kwamba malezi ya kibinadamu ndiyo msingi wa malezi yote ya kipadre. Muuguzi mwanafunzi naye anaambiwa jambo linalofanana, ila yeye atakabidhiwa mtoto wa watu mikononi kabla wino wa mtihani haujakauka.

Kuna jambo la pili. Mtihani wa uuguzi nchini mwetu huandikwa kwa Kiingereza, na mama anayepanga foleni kliniki husema Kiswahili. Jioni moja binamu yangu alijibu maswali sita mfululizo bila kukosea. Shangazi, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, akauliza, “Haya mwanangu, hapo umesema nini?” Binti akafungua mdomo, akaufunga. Tangu siku hiyo shangazi akaweka sheria: hakuna kugeuza karatasi mpaka jibu lisemwe kwa Kiswahili, kama vile anaambiwa mama mwenye mtoto mgongoni. Makala hii imetokana na sheria hiyo.

Kichwa kwanza, miguu baadaye

Swali la kwanza karibu katika kila karatasi ni kutofautisha ukuaji na makuzi. Ukuaji ni kile unachokipima kwa mizani na kwa utepe: kilo na sentimita. Makuzi ni yale ambayo mtoto anaweza leo na jana hakuyaweza, kama kushika kijiko, kuita mama, kuona haya. Mtoto anaweza kuongezeka kilo huku makuzi yamesimama, na anaweza kuwa mchangamfu wa maneno huku mwili wake umedumaa. Ndiyo maana programu ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2021 iliyaweka maneno yote pamoja: Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, au MMMAM kwa kifupi.

Swali linalofuata huhusu mwelekeo. Mwili wa mtoto hupata nguvu kuanzia kichwani kwenda miguuni, na kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwanza shingo inakaza, kisha mgongo, kisha miguu. Kwanza bega linatii, kisha kiganja, mwisho kabisa vidole viwili vinavyookota punje ya mchele mkekani. Mtahiniwa akiukumbuka mwelekeo huo anaweza kujibu maswali mengi ambayo hakuyakariri. Akiulizwa kipi kinatangulia, kukaa bila kuegemezwa au kuokota kitu kidogo kwa dole gumba na kidole cha shahada, atajua ni kukaa.

Hesabu za uzito nazo hupendwa na watunga mitihani. Mtoto aliyezaliwa baada ya miezi ya mimba kutimia kwa kawaida huwa na kilo 2.5 au zaidi. Chini ya hapo huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Katika siku za kwanza hupungua, hata hadi asilimia 10, na hurudisha uzito wake ndani ya wiki mbili. Hapo mama wengi hushtuka na kudhani maziwa hayatoshi. Kisha uzito wa kuzaliwa huongezeka mara mbili kwenye miezi 5 hadi 6, na mara tatu afikapo mwaka. Basi aliyezaliwa na kilo 3.2 tunamtarajia karibu na kilo 6.4 katika nusu mwaka, na kilo 9.6 katika mwaka mzima. Hizi ni hesabu za kukadiria tu. Kinachoangaliwa kwenye kadi ya kliniki ni mstari: unapanda, umelala, au unashuka.

Utosi tulimaliza haraka kwa sababu shangazi alijua yote. Ule mdogo wa kisogoni hufunga ndani ya miezi 2 au 3, na ule wa mbele kwa kawaida kati ya miezi 12 na 18. Utosi uliobonyea unaeleza upungufu wa maji mwilini. Uliovimba na kukaza wakati mtoto ametulia unaeleza shinikizo ndani ya kichwa, na mtoto huyo hasubiri kesho.

Anatembea lini?

Swali: Mtoto wa miezi 14 anasimama kwa kushika kiti lakini bado hatembei mwenyewe. Muuguzi afanye nini? Majibu ya kuchagua yalikuwa kumpa rufaa mara moja, kumwambia mama ampake dawa miguuni, kumtuliza mama na kuendelea kumfuatilia, au kumpiga picha ya mifupa.

Jibu ni la tatu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji wa mtoto, na pamoja navyo muda wa hatua za mwendo, uliopatikana kwa kuwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Kukaa bila kuegemezwa kulionekana kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8.2 na kufika hadi 17.6. Tazama upana huo! Watoto wawili wa ujirani mmoja wanaweza kupishana miezi tisa katika kutembea na wote wawili wakawa wazima. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba watoto wachache hawakutambaa kabisa. Walikaa, wakasimama dede, wakaenda.

Hapa Afrika Mashariki ina historia yake, na ninasikitika kwamba karatasi za maswali huipita. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, akishirikiana na R. F. A. Dean, aliandika kutoka Kampala kwamba watoto wachanga wa Uganda walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika nguvu za mwili. Wakatokea watu wa kueleza kwamba ni damu, ni asili ya Mwafrika. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikwenda Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, akakaa na kutazama akina mama. Akakuta watoto wanawahi kukaa na kutembea kwa sababu wanafundishwa. Mama anachimba kishimo kidogo ardhini au anazungushia nguo, anamkalisha mtoto humo, na kila siku anamshika kwapani amruke-rukishe. Lugha yao ina maneno maalumu ya kumfundisha mtoto kukaa na kumfundisha kutembea. Lakini kutambaa, jambo ambalo hawakulifundisha, watoto hao hawakuwahi kuliko wengine.

Kwa hiyo mtahiniwa akiulizwa ni nini kinachoamua kasi ya makuzi, urithi au mazingira, asichague kimoja. Mwelekeo wa kichwa kwenda miguuni unatoka katika mwili. Kasi yake inategemea chakula, afya na mikono ya watu walio karibu. Bibi anayemsimamisha mjukuu dede uani na kumpigia makofi anafanya mazoezi ya viungo, ila hakuna anayemwandikia stashahada.

Anamlilia mgeni

Swali lililofuata lilinihusu mimi zaidi kuliko binamu. Mtoto wa miezi 8 aliyekuwa mchangamfu sasa analia kila anapochukuliwa na mtu asiyemjua. Je, ni ugonjwa, ni kudekezwa, au ni hatua ya kawaida ya makuzi?

Ni hatua ya kawaida, na ni dalili njema. Mtoto amefikia kutofautisha uso wa mama na nyuso nyingine, na ameanza kushikamana na watu wake. Elimu hii ya mshikamano wa mtoto na mlezi inatajwa vitabuni kwa majina ya John Bowlby na Mary Ainsworth. Kisichotajwa sana ni kwamba Ainsworth aliijenga nchini Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi huko, akaanza kuzitembelea nyumba za vijiji vya jirani. Alifuatilia familia 26 kwa miezi kadhaa, akikaa sebuleni na akina mama, akitazama mtoto anavyomwacha mama hatua chache, anageuka kumhakikisha, kisha anaendelea kuchezea kitu. Mama kwake ni kama bandari: chombo hutoka kwa sababu kinajua pa kurudi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na majaribio aliyoyafanya baadaye Marekani yalianzia katika yale aliyoyaona Uganda.

Jibu la muuguzi basi ni kumpima mtoto akiwa mapajani mwa mama, kuanza na yale yasiyoumiza, na sindano kuwa ya mwisho. Jibu la padre na frateri nadhani ni hilohilo. Tumezoea kuona ubatizo wa watoto ukiingiliwa na kilio, na wapo wanaomkunjia mama uso kana kwamba ameshindwa kumlea. Mtoto wa miezi miwili kwa kawaida angetulia mikononi mwa yeyote. Wa miezi minane anajua kwamba wewe si mama yake, na ana haki ya kusema.

“Amebemendwa”

Jioni ya siku ya tisa tulikuwa tunarudia swali lile la miezi 14 jirani alipopiga hodi kuomba moto. Alikuwa na mtoto mgongoni, kanga imemfunika mpaka kichwani. Shangazi alimkaribisha. Alipoondoka kwenda jikoni, shangazi akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, “Huyo mtoto wanasema amebemendwa.”

Kwa wasomaji wasiotoka pwani: kubemenda ni imani kwamba wazazi wa mtoto anayenyonya wakikutana kimwili mapema, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto, mtoto atadhoofu, atalegea miguu na kuchelewa kutembea. Imani hii haiko Tanga peke yake. Inajulikana mahali pengi Tanzania, na wanaoiamini ni Waislamu na Wakristo, waliosoma na wasiosoma. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mtoto anageuka kuwa ushahidi. Kila amwonaye amekonda anajiuliza wazazi wamefanya nini. Kwa hiyo mama anamfunika.

Binamu yangu alikuwa na utepe ule wenye rangi tatu wa kupimia mkono, aliobaki nao baada ya mafunzo kwa vitendo. Aliomba ruhusa kwa adabu, “Dada, niruhusu nijifunzie kwa mtoto wako, nina mtihani.” Sijui kama ningepata akili ya kuomba hivyo. Utepe ukazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto, ukasimama kwenye njano, sentimita 12. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Ndipo maswali yakaanza, na hayakuwa ya ndoa. Ananyonya? Aliachishwa akiwa na miezi tisa, mama alipogundua ana mimba nyingine, kwa kuwa aliambiwa maziwa ya mjamzito yameharibika. Anakula nini? Uji. Uji wa nini, mzito au mwepesi? Mara ngapi kwa siku? Wa mahindi, mwepesi, asubuhi na jioni. Kliniki mara ya mwisho lini? Miezi mitatu iliyopita. Kwa nini? Hapo mama alinyamaza kidogo, akasema anaogopa kuulizwa.

Mtoto yule hakuwa ametembea, na kwa miezi 14 hilo peke yake halikuwa kosa, kama tulivyokwisha kusoma jioni ileile. Mtaa mzima ulikuwa unazungumzia miguu. Hakuna aliyezungumzia uji.

Sitaki kuicheka imani ya kubemenda, maana ndani yake kuna jambo ambalo wazee waliliona kwa macho: mtoto akifuatwa haraka na mdogo wake, huwa anadhoofu. Mganga mmoja, Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana wakati ikiitwa Gold Coast, alilisikia jambo hilo kwa akina mama wa kabila la Waga. Walikuwa na jina la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pindi mdogo anapozaliwa na kumnyang’anya nafasi yake. Jina hilo ni kwashiorkor, naye Williams aliliingiza katika maandiko ya tiba ulimwenguni mwaka 1935. Akina mama wale walimtazama mtoto aliyeondolewa ziwani na chakula kilichokuja baadaye. Imani ya kubemenda, kwa upande wake, imetazama kitanda cha wazazi. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba nayo haiyafanyi kuwa sumu, na mama mwenye afya njema aweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri na kufuatiliwa kliniki. Kinachomwangusha mtoto ni kukosa maziwa kabla ya wakati, halafu kupewa maji yenye rangi ya uji.

Jibu la mtihani, lilivyosemwa kwa Kiswahili pale barazani, lilikuwa hivi. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Mtoto wa umri huu ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Uji uwe mzito wa kukaa kijikoni bila kumwagika, uwe na karanga au dagaa wa kusaga, tui la nazi, maziwa au yai kadiri ya uwezo. Kupishanisha uzazi ni kwa afya ya mama na watoto: Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kunyonyesha kwenyewe kunasaidia. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa pekee, usiku na mchana, ndani ya miezi sita ya kwanza na hedhi haijarudi, ana nafasi ndogo sana ya kushika mimba. Katika semina zetu za ndoa jambo hilo husemwa kwa sentensi moja. Lingestahili saa nzima, na baba awepo.

Asubuhi shangazi alimsindikiza jirani kliniki. Nilipoondoka Mabawa kadi ya mtoto ilikuwa na nukta mbili mpya, ya pili juu kidogo ya ya kwanza.

Meno ya kweli na meno ya plastiki

Swali: Mtoto wa miezi 7 anaharisha mara sita kwa siku, ana homa ya nyuzi 39, na mama anasema ni meno. Muuguzi afanye nini kwanza? Binamu alijibu bila kusita kwamba achunguzwe upungufu wa maji na chanzo cha homa. Shangazi hakukubali. Watoto wake wanne wote, alisema, waliharisha walipoota meno.

Na kweli huenda waliharisha. Meno ya kwanza, yale mawili ya chini mbele, hutokeza karibu na miezi 6. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo mtoto anaanza kulishwa, kinga aliyotoka nayo tumboni imepungua, anajiburuta sakafuni na kila akiokotacho anakitia mdomoni. Vyote hivyo huleta kuharisha. Jino linasingiziwa kwa sababu limepita wakati huohuo. Ufizi unaweza kuwasha, udenda ukatoka, mtoto akawa mkorofi. Homa ya nyuzi 39 haitoki kwenye jino. Huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, vidonge vya zinki, kuendelea kunyonya, na kupimwa malaria.

Imani hii ina ndugu yake mbaya zaidi. Miaka ya 1980 na 1990 madaktari wa meno hapa Tanzania waliandika juu ya kinachoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha anapelekwa kwa mtu, anafunuliwa ufizi, panaonekana uvimbe mweupe, na huo unachimbuliwa kwa kitu chenye ncha. Uvimbe ule ni chipukizi la chonge la utotoni, ambalo kwa kawaida hutokeza kati ya miezi 16 na 22. Chini yake limelala chipukizi la chonge la ukubwani. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata maambukizi, na ugonjwa uliomleta bado haujatibiwa. Nilishangaa kwamba katika karatasi zote tulizosoma hapakuwa na swali hata moja juu yake. Kama mkufunzi wa uuguzi anasoma hapa, namwomba atunge moja.

Miaka saba

Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, aliwatazama hata watoto wake mwenyewe na kugawa makuzi ya akili katika vipindi vinne: hadi miaka 2, miaka 2 hadi 7, miaka 7 hadi 11, na baada ya hapo. Mtoto wa miaka mitano ukimimina chai ileile kutoka kikombe kipana kwenda kwenye chupa nyembamba, atasema chupani imeongezeka. Wa miaka minane atakucheka. Mtihani hupenda kuuliza hivi: mtoto wa miaka mitano aliyelazwa anasema amechomwa sindano kwa sababu alimpiga mdogo wake, hii ni nini? Ni kawaida ya kipindi chake, maana anadhani kila kinachompata kinatokana na alilofanya. Muuguzi amwambie wazi, na arudie, kwamba kuugua si adhabu.

Makatekista watakuwa wameshaona kitu. Mwaka 1910, kabla Piaget hajaandika lolote juu ya watoto, Papa Pius X kwa hati Quam Singulari aliweka umri wa kutumia akili karibu na miaka saba, na Sheria ya Kanisa hadi leo, kanuni ya 97, inamdhania mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa na matumizi ya akili. Mmoja alipima kwa vikombe, mwingine kwa uzoefu wa kitubio. Wala tusisahau kwamba mtoto wa miaka mitano anayeugua anaweza kusikia mahubiri yetu ya dhambi na adhabu akayaelewa kama yule wa sindano.

Kigori, barobaro, shaibu

Erik Erikson alizipanga hatua nane za maisha katika kitabu chake cha mwaka 1950, kila moja na mvutano wake. Binamu alizikariri kwa wimbo wake mwenyewe. Mtoto mchanga anajifunza kuamini au kutoamini. Anayeanza kutembea, kujitegemea au kuona aibu. Wa kabla ya shule, kuthubutu au kujilaumu. Wa shule ya msingi, bidii au kujiona duni. Kijana anayebalehe, kujitambua au kuchanganyikiwa. Kisha ukaribu au upweke, kuzaa matunda au kudumaa, na mwisho uzee wenye kuridhika au kukata tamaa.

Shangazi alisikiliza, akasema sisi tunazo zaidi ya nane. Akahesabu kwa vidole: mtoto mchanga, wa kutambaa, kigori, mwari, mwanamwali, barobaro, mtu mzima, mzee, ajuza na shaibu. Majina hayo yanataja kitu ambacho Erikson hakukipa nafasi kubwa: kwamba mtu huvushwa na wenzake kutoka hatua moja kwenda nyingine. Mwari alikuwa na somo yake wa kumweleza mambo ya mwili. Leo wengi wanavunja ungo bila somo, bila mama kuthubutu kusema, na swali la kwanza wanamwuliza muuguzi wa shule kama yupo. Kwa wasichana mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13, ishara ya kwanza ikiwa ni matiti, na hedhi hufuata baadaye. Kwa wavulana ni kati ya miaka 9 na 14. Sisi tulioingia seminari ndogo tukiwa na miaka 13 au 14 tuliingia humo katikati ya tufani hiyo, na nakumbuka ni mlezi mmoja tu aliyewahi kutuambia kwamba sauti inayokwaruza kwaya si utovu wa nidhamu.

Machache ya kujipima

La kwanza. Bibi wa miaka 74, wodini, kila siku anamsimulia muuguzi maisha yake tangu alipokuwa akikata mkonge. Muuguzi amwambie apumzike, abadilishe mazungumzo, au akae kidogo asikilize?

La pili. Mgonjwa aliyeelezwa kwamba ana saratani anasema maabara wamechanganya majina. Yuko katika hatua gani kwa mpango wa Elisabeth Kübler-Ross?

La tatu. Dakika moja baada ya kuzaliwa, mtoto ana mapigo ya moyo 110, anapumua polepole bila mpangilio, miguu imekunjika kidogo, anakunja uso akiguswa, mwili una rangi njema ila mikono na miguu ni ya bluu. Alama zake za APGAR ni ngapi?

Majibu. Bibi asikilizwe: anayapitia maisha yake ili ayapokee, na hiyo ndiyo kazi ya hatua ya nane. Mgonjwa yuko katika kukana, ya kwanza kati ya hatua tano zilizotajwa mwaka 1969. Lakini watu hawazifuati kama ngazi, na anaweza kukana leo, kukubali kesho, na keshokutwa kukasirika. Mtoto anapata 2 za moyo, kisha 1 ya upumuaji, 1 ya misuli, 1 ya mwitikio na 1 ya rangi: jumla 6. Anasaidiwa kupumua, na dakika ya tano anapimwa tena.